Sauti ya Jukwaani Isipimwe kwa Mizani ya Santuri

Mwaka jana nilialikwa katika hafla ya kufunga muhula kwenye shule moja ya upili. Ratiba ilipofika pahali pa burudani, msichana wa kidato cha tatu alipanda jukwaani kuimba. Alikuwa amechagua wimbo unaopendwa mno na vijana, na mdundo wake ulitarajiwa kutoka katika vipaza sauti vilivyokodiwa kwa siku hiyo. Kabla hajatia neno, umeme ukapotea. Binti hakubabaika. Alisogea mbele hatua mbili, akakohoa kidogo, akaanza kuimba bila ala wala kipaza sauti. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu. Sauti yake ilikuwa nyembamba kiasi, lakini ilikaa sawasawa katika kidatu chake, na maneno yalisikika silabi baada ya silabi.

Haukupita muda, minong'ono ikaanza nyuma ya ukumbi. "Mbona haiko kama ile ya simu?" mmoja akauliza kwa sauti, na wenzake wakaangua kicheko. Msichana alifika ubeti wa pili, akanyamaza, akashuka. Umeme uliporejea, mwalimu mmoja aliunganisha simu yake na mitambo, wimbo ule ule ukapigwa kutoka kwenye rekodi, na ukumbi mzima ukasimama kucheza.

Nilimtafuta binti yule baadaye nikampa heko. Akaniambia, macho yake yakiwa chini, "Mwalimu, sauti yangu haijatulia kama yake." Alipotamka "yake" alikuwa na maana ya mwimbaji wa kwenye rekodi. Mimi hufundisha isimu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu na kuzipima. Katika sauti ya mtoto yule sikusikia kasoro ya kumfanya mtu anyamaze. Nilimwona mtoto aliyepimwa kwa kipimo ambacho yamkini hata mwenye wimbo mwenyewe asingekifikia lau angesimama pale gizani bila mitambo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari swali ambalo husikika kila panapofanyika tamasha la muziki: je, waimbaji mashuhuri husikika wazuri jukwaani kama wanavyosikika katika rekodi zao? Watu hurudi nyumbani wakizozana. Huyu husema mwimbaji fulani ni mzuri hata zaidi ana kwa ana. Yule huapa kwamba fedha zake za kiingilio zimepotea bure, kwani angebaki nyumbani akasikiliza redio. Kila upande una ushahidi wake. Maoni yangu ni kwamba swali lenyewe limewekwa upande upande. Linachukulia kwamba rekodi ndiyo asili na jukwaa ndilo nakala. Mambo hayakuanza hivyo, na hayastahili kuishia hivyo.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1928, Siti binti Saad, yule malenga wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alivuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, Bara Hindi, kwenda kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Katika zama hizo sauti ilichorwa moja kwa moja juu ya sahani ya nta wakati mwimbaji alipokuwa akiimba. Hapakuwa na njia ya kukata neno lililoteleza na kupachika jingine. Ukikosea, unaanza upya. Isitoshe, upande mmoja wa santuri ya aina ile ulimeza takriban dakika tatu tu. Wimbo ambao katika baraza ungeweza kurefushwa kadiri wasikilizaji walivyotaka, ubeti ukirudiwa na udi na fidla zikipewa nafasi ya kujibizana, ulilazimika kupunguzwa hadi ukaenea katika dakika hizo.

Kwa hivyo, mtu wa Unguja aliyemsikia Siti kwa masikio yake hangeuliza iwapo Siti anafanana na santuri yake. Angeuliza kama santuri ilimtendea Siti haki. Santuri ilikuwa shahidi wa uimbaji, na shahidi mwenyewe alikuwa kiziwi nusu, kwani mitambo ya siku zile haikunasa sauti zote.

Mizani iligeukaje basi? Iligeuka hatua kwa hatua. Tepu ya sumaku, iliyostawishwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1930, ilienea kwingineko baada ya vita kumalizika mwaka wa 1945. Tepu inaweza kukatwa kwa wembe na kuunganishwa. Papo hapo ikawezekana kuchukua ubeti wa kwanza ulioimbwa vyema asubuhi na kuuunga na ubeti wa pili ulioimbwa vyema jioni. Kisha ikaja mitambo ya kurekodi kila sauti katika njia yake, hata mwimbaji mmoja akaweza kujiitikia mwenyewe mara tatu. Zaidi ya hayo, pana mitambo inayobana sauti: penye nguvu hupunguzwa, penye unyonge huinuliwa, hata mnong'ono ukasikika sawa na ukelele.

Hatimaye, mwaka wa 1997, ikatokea programu iitwayo Auto-Tune. Aliyeibuni, Andy Hildebrand, alikuwa mtaalamu wa kuchanganua mawimbi yanayopenyezwa ardhini ili kutafuta mafuta. Aliitumia hisabati ya namna hiyo kupima kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti ya mwimbaji, na kukisogeza hadi pale kilipotakiwa kuwa. Mwaka uliofuata mwimbaji wa Marekani, Cher, alitoa wimbo wake "Believe" ambao ulitumia mtambo huo bila kuuficha, na tangu hapo hakuna pembe ya dunia isiyoufahamu mlio wake. Nasi wanaisimu hatuna haki ya kuiona hisabati hiyo kuwa uchawi. Programu ya Praat, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo wengi wetu huitumia kupimia toni za lugha kama vile Kikuyu na Dholuo, hukadiria kidatu kwa kanuni iliyo jamaa ya karibu na hiyo. Tofauti ni kwamba sisi tunapima tukaacha sauti ilivyo, ilhali fundi wa studio hupima kisha akairekebisha.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Rekodi ya leo imeundwa. Sisemi hivyo kwa kuibeza. Kuna ufundi mkubwa katika kuiunda, na fundi wa studio ni msanii kama wasanii wengine. Ninalosema ni kwamba kitu kilichoundwa kwa siku nyingi, kwa mikono mingi, kikachujwa mara mia, hakiwezi kuwa kipimo cha haki cha pumzi moja ya binadamu aliyesimama mbele za watu.

Katika taaluma yangu tuna mfano unaolieleza jambo hili barabara. Ni uhusiano wa mazungumzo na maandishi. Chukua kinasa sauti, urekodi mazungumzo ya watu wawili wenye akili zao timamu, wasemaji hodari wa Kiswahili, kisha uyaandike neno kwa neno. Utastaajabu. Utakuta sentensi zilizoanzwa zikaachwa njiani, maneno yaliyorudiwa, "eeh" na "yaani" zisizo idadi, na nahau zilizokatwa katikati kwa kicheko. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapoyaona maandishi hayo hudhani watu hao hawajui lugha. Huwa namwomba asikilize tena ile sauti. Anaposikiliza anagundua kwamba mazungumzo yalikuwa mazuri kabisa. Kila aliyekuwapo alielewa, alicheka na kuguswa. Zile "kasoro" zilikuwa na kazi zake: kumsubiri mwenzake aelewe, kulainisha neno gumu, kumpa zamu ya kusema.

Isimu ya kisasa ilipoanza kujenga misingi yake, jambo moja ililolisisitiza ni kwamba lugha kwanza ni usemi na maandishi yalikuja baadaye. Binadamu alizungumza kwa maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuchora herufi. Hata hivyo, mtu aliyesoma sana huanza kuuona usemi kama maandishi yaliyoharibika. Nadhani jambo hili hili ndilo lililoyapata masikio yetu katika muziki. Rekodi ni maandishi ya wimbo. Onyesho la jukwaani ni usemi wake. Kila moja lina uzuri wake na sheria zake. Anayelilaumu jukwaa kwa kuwa halikufanana na rekodi ni sawa na anayemlaumu rafiki yake kwa kuwa hazungumzi kama kitabu.

Nililelewa Mombasa, na katika nyumba yetu kaseti zilizopendwa kushinda zote hazikutoka studio. Zilikuwa kaseti za taarabu zilizonaswa harusini. Ukiiweka kaseti hiyo kwenye redio, unasikia kwanza viti vikivutwa, mtoto akilia, mtu akiita jina la mtu, kisha kinanda na ngoma vikiingia. Katikati ya wimbo vigelegele hupasuka. Ukiwa mdogo hujui kwa nini. Ukikua ndipo unaelezwa kwamba pale mama mmoja alisimama kwenda kumtunza mwimbaji, kwa sababu ubeti ule ulikuwa na fumbo lililomgusa au lililomgusa hasimu wake. Mwimbaji naye, akiona ametunzwa, huurudia ubeti, safari hii taratibu, akilibana kila neno ili mlengwa asikose kusikia. Mcheza kwao hutunzwa.

Je, ubeti uliorudiwa ni kasoro? Katika santuri ya dakika tatu usingekuwapo. Katika studio, fundi angeukata. Lakini kule harusini ndio uliokuwa kilele cha usiku. Walimu wa fasihi simulizi hawahitaji kufunzwa na mimi jambo hili. Kila muhula tunawaeleza wanafunzi kwamba fasihi simulizi ina fanani, ina hadhira, na ina utendaji, na kwamba hadhira hushiriki katika kuutunga wimbo pale pale unapoimbwa. Tunawatungia maswali ya mtihani kuhusu mambo hayo, na wanajibu vizuri wakapata alama zao. Kisha tunatoka darasani na kumcheka msichana aliyetenda lile lile tulilolifundisha.

Hata muziki wa dansi wa mijini uliishi maisha mawili ya namna hii. Wasomaji wa makamo watazikumbuka zile santuri ndogo za miaka ya 1970, ambazo wimbo mmoja wa rumba au wa benga uligawanywa pande mbili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Ilikubidi uinuke, uigeuze santuri, uirejeshe sindano, ndipo gitaa lianze kuchemka. Klabuni hapakuwa na wa kugeuza kitu. Bendi ilichemka hadi wachezaji walipochoka. Waliozijua bendi zile kwa santuri tu walijua nusu ya habari.

Na kuna nyimbo ambazo jukwaa lilizipa umaarufu kuliko studio. Bob Marley alirekodi wimbo wake "No Woman, No Cry" katika studio mwaka wa 1974. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, aliuimba katika ukumbi wa Lyceum, London, mbele ya hadhira iliyouimba pamoja naye. Rekodi ya usiku huo, iliyo ndefu na ya taratibu zaidi, ndiyo watu wengi wanayoifahamu leo. Mwendo ulipunguzwa, hadhira ikaingia, wimbo ukapata mwili.

Hata hivyo, sitaki kuwa wakili wa kila mtu anayeshika kipaza sauti. Ni kweli kwamba mara nyingi sauti ya jukwaani huwa duni, na ni haki ya msikilizaji kujua kwa nini. Sababu nyingine si makosa ya mwimbaji. Mwaka wa 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza jambo ambalo kila mwalimu amelishuhudia darasani: mtu akizingirwa na kelele hupaza sauti yake bila kujijua. Mwimbaji asiyejisikia kwa sababu ngoma na magitaa yamemfunika atapaza, na akipaza kupita kiasi koo hukaza na kidatu hupotoka. Ndiyo maana wanamuziki huwekewa vipaza sauti vinavyowaelekea wao wenyewe. Katika kumbi zetu nyingi vyombo hivyo havipo au ni vibovu. Ongeza mwangwi wa paa la mabati, ongeza kucheza huku ukiimba, na pumzi inayotakiwa na miguu ikawa ndiyo ile ile inayotakiwa na koo. Hata waliobobea hushindwa. The Beatles wa Uingereza, katika ziara zao za katikati ya miaka ya 1960, walishindwa kujisikia kwa mayowe ya mashabiki. Agosti 1966 walifanya onyesho lao la mwisho la kulipiwa, mjini San Francisco, wakaamua kukaa studio na kutengeneza muziki ambao hawakunuia kuupeleka ziarani. Naiona kuwa njia ya uaminifu. Walikiri kwamba rekodi na jukwaa ni kazi mbili, wakachagua moja.

Sababu ya pili haina utetezi. Kuna watu ambao mashine imewaimbia. Siku hizi mtu anaweza kuingia studio akiwa na sura nzuri na marafiki wengi, akatoka akiwa na wimbo. Huyo akipandishwa jukwaani hana budi kufanya moja kati ya mambo matatu: aimbe tumjue, abebe mtambo wa kurekebisha kidatu papo hapo, au achezeshe midomo huku rekodi ikiimba. Katika hafla za mashirika na za shule nimewaona waliochagua hili la tatu zaidi ya mara moja. Kipaza sauti kimeshushwa hadi kiunoni, sauti bado inaimba. Wasikilizaji wanapiga makofi. Aliyelipa amelipia kumtazama mtu akisikiliza wimbo wake mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi. Wazee wenzangu watakumbuka kisa cha Milli Vanilli. Vijana hao wawili, Rob Pilatus na Fab Morvan, waliokuwa na makao yao Ujerumani, walikuwa wakichezesha midomo mbele ya umati huko Bristol, Connecticut, mwezi wa Julai 1989, wakati rekodi yao ilipokwama na kuanza kurudia maneno yale yale bila kukoma. Ajabu ni kwamba jambo hilo halikuwaangusha. Februari 1990 walipewa tuzo ya Grammy. Ni hapo Novemba, mtayarishaji wao Frank Farian alipokiri kwamba sauti zilizomo katika santuri hazikuwa zao hata kidogo, ndipo tuzo iliponyang'anywa. Nawaomba wanafunzi wakizingatie kisa hiki. Watu walisikia kwa masikio yao rekodi ikikwama, na bado hawakujali. Masikio yalikwisha kuzoeshwa kwamba kilicho muhimu ni kufanana na rekodi, na hakuna kinachofanana na rekodi kuliko rekodi yenyewe.

Tusihukumu kwa pupa vilevile. Luciano Pavarotti, bingwa wa opera, alionekana akiimba katika ufunguzi wa Olimpiki za baridi mjini Turin, Februari 2006. Baadaye kiongozi wa okestra alieleza kwamba sauti ile ilikuwa imerekodiwa siku kadhaa kabla, kwa sababu ya afya ya mzee yule na ukali wa baridi. Pavarotti alifariki mwaka uliofuata. Sauti ilikuwa yake, na alikuwa amekwisha kuithibitisha kwa miaka zaidi ya arobaini katika kumbi ambazo mwimbaji wa opera huimba bila kipaza sauti. Mimi ningependa umma uambiwe mapema. Lakini siwezi kumweka katika kapu moja na waliokopa sauti za wengine. Tofauti ya makosa hayo mawili ndiyo tofauti ya mwandishi anayesoma hotuba aliyoiandika mwenyewe na mwanafunzi anayewasilisha tasnifu iliyoandikwa na mwingine. Vyuo vikuu vyetu vinaijua vyema aina hii ya pili.

Najua vijana watanijibu. Watasema, "Mwalimu, tunalipa kiingilio ili tusikie wimbo tunaoupenda, nao tumeupenda jinsi ulivyo kwenye rekodi. Kwa nini tupewe kitu kingine?" Hoja hii ina uzito. Mapenzi ya wimbo hujengwa kwa kuurudia, na sikio hukasirika pale linapotarajia hiki likapewa kile. Lakini kama unachotaka ni kile kile hasa, tayari unacho mfukoni, na hakikugharimu kitu. Unapotoka nyumbani kwenda ukumbini umekwenda kutafuta kisichoweza kutiwa mfukoni: mtu mwenye pumzi, anayekuona nawe unamwona, anayeweza kukosea na anayeweza, kwa sababu yako, kuimba siku hiyo kuliko alivyopata kuimba. Ukimnyima nafasi ya kukosea umemnyima pia nafasi ya kukushangaza.

Tunao mfano wa karibu. Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude, aliendelea kuimba na kupiga ngoma hadi ukongweni, akatunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka wa 2005, akafariki Aprili 2013. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo ya umri. Hakuna fundi ambaye angeichuja akaiboresha. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza mwaka wa 2004, limejijengea jina kwa kushikilia kwamba muziki jukwaani uimbwe na upigwe na watu, usichezwe kutoka kwenye rekodi. Wapo wanaovuka bahari kwenda kulihudhuria. Huo ni ushahidi kwamba masikio ya kusikiliza yangalipo.

Basi mwalimu afanye nini? Nina mapendekezo matatu, wala hayahitaji fedha. La kwanza, somo la nyimbo katika fasihi simulizi lisifundishwe kwa rekodi peke yake. Pana mzee au mama karibu na kila shule anayejua nyimbo za kazi, za harusi au za bembelezi. Aalikwe. Wanafunzi wamsikilize, kisha wamrekodi kwa simu, kisha waisikilize rekodi ile darasani na kuorodhesha kilichopotea: macho yake, mkono wake, pale alipomtazama mmoja wao wakacheka. Hilo ni somo la utendaji ambalo hakuna kitabu cha kiada kitakachowapa.

La pili, wanafunzi wafundishwe jinsi rekodi inavyoundwa. Wenye simu zenye programu za kuhariri sauti, nao ni wengi, wajaribu kurekodi ubeti mmoja mara kumi na kuunga vipande vilivyo bora. Atakayefanya zoezi hilo mara moja hatamcheka tena mwenzake aliyeimba bila mitambo. Atakuwa ameona jikoni chakula kinavyopikwa.

La tatu, tuwalinde wanaoimba kwa midomo yao. Tamasha za muziki za shule zetu, ambazo historia yake inaanzia mwaka wa 1927, zimekuza vizazi vya waimbaji kwa sababu moja kubwa: mtoto husimama mbele ya mwamuzi na kuimba kwa pumzi zake, akapewa alama na maelezo. Maelezo hayo ni ya mwalimu kwa mwanafunzi: hapa ulikimbilia, hapa uliyameza maneno, hapa ulitugusa. Hakuna mwamuzi anayeandika, "hukufanana na simu." Moyo ule ule unastahili kuingia katika hafla zetu za kufunga muhula na siku za wazazi. Kama shule ina fedha za kumkodi msanii, imwombe kwa maandishi aimbe mwenyewe. Kama hawezi, fedha hizo zinunue ngoma kwa chama cha muziki.

Nimejibu swali nililolianza? Kwa ufupi, waimbaji wengine jukwaani huwa wazuri kuliko rekodi zao, wengine huwa wabaya, na walio wengi huwa tofauti. Tuwasikilize kwa tofauti hiyo. Tumuulize mwimbaji wa jukwaani kama alikuwa na sisi, kama maneno yake yalitufikia, kama pumzi yake ilikuwa yake. Kufanana na santuri tuiachie santuri.

Juma lililopita nilimpigia simu mwalimu wa yule msichana. Aliniambia kwamba tangu siku ile binti hajaimba tena mbele ya wenzake, ijapokuwa husikika akiimba peke yake afuapo nguo. Nimemwomba ampe nafasi nyingine muhula huu, katika darasa la kawaida, mchana, mbele ya wenzake arubaini, simu zote zikiwa zimefungiwa ofisini. Amekubali kujaribu. Nami nimeahidi kuhudhuria, na kuketi nyuma kabisa, pale minong'ono ilipoanzia.